Nhạn Aliyewachomea Watu Karatasi

Mjukuu wangu ameniletea daftari na kalamu, anataka niandike wapi pa kula katika mji wetu wa Hải Phòng, eti watu wa mbali wanauliza. Shule niliiona miaka miwili, na mwaka wa pili mwalimu alikuwa mgonjwa. Mkono unaniuma. Hao wanaouliza wana midomo, waje waulize njiani. Lakini amekaa hapa kama kuku anayeatamia, haondoki. Haya. Nitaandika pahali pamoja tu. Pahali pengine sipajui, na sioni hasara.

Pahali penyewe ni kwa wifi yangu Nhạn, mke wa marehemu kaka yangu. Anauza bánh đa cua, zile tambi pana za rangi ya udongo ndani ya supu ya kaa wa mashamba ya mpunga. Kaa anawatwanga mwenyewe kila alfajiri, mwaka wa thelathini na nne huu. Jogoo wa uchochoro wetu aliacha kuwika, aliona kazi imeshachukuliwa. Maneno matamu Nhạn hana. Ukimwomba ndimu ya pili anakuuliza kama una mimba, hata ukiwa mwanamume. Watu walimzoea hivyo hivyo.

Alikuwa anauzia kwenye kibaraza cha Bi Thục, mjane mwenye nyumba ya pembeni. Mwaka juzi daraja lilifungwa litengenezwe, wateja wakapungua. Bi Thục akaja na upepeo wake mkononi.

"Dada Nhạn, mimi si mtu wa kusema. Ila mkwe wangu anatafuta mahali pa kuuzia chai ya maziwa. Viti hivi vikiendelea kuwa vitupu mpaka sikukuu ya Mwaka Mpya, kibaraza nitampa yeye."

"Mpe leo. Aje atwange kaa."

Alijibu hivyo kwa mdomo tu. Mtoto hana, shamba hana. Alikuwa na kibaraza kile.

Sasa kwetu, mteja wa kwanza wa asubuhi ndiye anayeibeba siku. Akija mtu mwepesi, akakaa, akala, akaenda zake, utauza mpaka sufuria ikauke. Akija mtu wa kuuliza bei na kupekuapekua, halafu akaondoka hajanunua, siku imekufa. Hapo unawasha kipande cha karatasi, unakizungusha pale aliposimama, unaufukuza mkosi alioacha. Kila muuzaji anafanya. Ila unangoja kwanza apinde kona, ndiyo adabu.

Wiki ileile, kabla hajala mtu yeyote, akaja msichana wa Hanoi mwenye miwani ya waridi. Akauliza bei. Akauliza kaa wanatoka wapi na wanakula nini. Akapiga picha sufuria, kinu, paka, na mguu wa Nhạn. Kisha akasema kwa sauti ya asali, "Asante sana bibi, mimi nimeshakula hotelini."

Nhạn hakungoja kona. Alirarua kurasa za kalenda, akaziwasha, akamfuata mpaka katikati ya uchochoro akizungusha moto nyuma ya makalio yake.

"Nenda nao! Mkosi wako nenda nao, usiniachie hata unywele!"

Msichana akageuka, akacheka, akapiga picha na moto.

Kumbe kazi yake ni kuwaandikia watu kwenye simu wapi pa kula na kustarehe. Siku tatu baadaye mjukuu akatusomea: mwenye duka huwaaga wageni kwa ngoma ya moto ya kale, kuwatakia baraka. Supu nayo aliisifu sana. Kuionja hakuionja.

Jumamosi foleni ilifika kwa Mzee Quýnh kinyozi. Viti vilijaa, Bi Thục akatabasamu mpaka jino la dhahabu likaonekana. Watu wakala, wakalamba bakuli, halafu hawaondoki. Kijana mmoja wa Saigon akauliza:

"Bibi, na moto je?"

"Moto upi?"

"Wa kutuaga."

"Umekula?"

"Nimekula, tamu kweli."

"Basi nikuchomee karatasi kwa kosa gani?"

Wakacheka wote, wakidhani ndiyo ngoma inaanza. Bi Thục akamvuta Nhạn kando. Mimi nilikuwa naosha bakuli, nikasikia yote.

"Dada, karatasi ni karatasi. Zungusha, wafurahi, na kibaraza ni chako mpaka ufe."

"Mtu aliyekula supu yangu nimwite mkosi mbele ya watu?"

"Hawajui maana yake!"

"Mimi najua."

"Wifi," nikasema, "zungusha kidogo tu, chinichini, kama unafukuza nzi."

"Wewe osha bakuli."

Nimekosea mara moja maishani, ni hapo.

Nhạn hakuzungusha. Wageni wakanuna, wakaandika kwamba bibi ana kiburi. Kisha wajanja wakagundua moto ni wa wasiokula. Wakaanza kuja, kuuliza bei, na kuondoka polepole wakitazama nyuma. Nhạn aliwachomea wote bila upendeleo. Kalenda ya mwaka mzima iliisha kabla ya mwezi kuisha. Uchochoro ulijaa hata Mzee Quýnh akakosa pa kupita kuja kula, na viti vikabaki vitupu. Bi Thục alihesabu viti. Wiki moja kabla ya sikukuu, mkwe akaingia na mitungi yake ya chai.

Siku hizi mkwe huyo anawazungushia moto wanaonunua. Kila mmoja anatangazwa mkosi hadharani, anashukuru, anaondoka na kikombe chake.

Nhạn alibeba kinu mwenyewe, akakitua mbele ya mlango wangu. Kuomba hakuomba. Alisema tu, "Hapa pana kivuli." Asubuhi iliyofuata Mzee Quýnh alitangulia watu wote. Akala bakuli mbili kwa kusimama, hakuuliza chochote, akaenda kunyoa. Saa nne sufuria ilikuwa kavu.

Kusimama ni kwa sababu viti vyote vilikuwa vya Bi Thục, na mimi nyumbani ninavyo viwili, kimoja kibovu. Basi wewe wa mbali unayeuliza, uliyenitoa machozi kwa kuandika huku, ukija lete kigoda. Cha plastiki kinatosha. Ukimaliza kula, kiache.