Mvua Haikukimbia Moshi

Usiku ule nililala chumba kimoja na shangazi yangu Mariamu, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu utotoni. Niliogopa kwamba nikimwacha peke yake ataondoka kabla hakujakucha.

Shangazi ni mfinyanzi, na ndiye aliyenilea. Kijijini kwetu, katika nyanda kavu za katikati ya nchi, kuna mwiko unaojulikana na kila mtu: mawingu yakianza kujikusanya juu ya kilima, hakuna kuchoma vyungu. Moshi wa vyungu, wanasema, hufukuza mvua. Mwaka ule mvua ilichelewa mno. Shangazi alingoja, akangoja, na siku mbingu ilipokuwa nyeupe pe, bila wingu lolote, akawasha moto wake. Mchana ule ule likatokea wingu moja juu ya kilima. Watu wakatoka nje wakipiga vigelegele. Wingu likasimama kidogo, kisha likayeyuka, na uwele tuliokuwa tumeupanda kwenye vumbi ukaishia kuliwa na mchwa.

Lisemwalo lipo, watu wakasema, na kama halipo laja. Wazee wakakaa kikao chini ya Mzee Chilewa, wakaamua kwamba asubuhi Shangazi avunje vyungu vyake vyote hadharani, kisha ahame kijiji.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hata yeye alikuwa ameanza kuamini.

“Labda ni mimi, mwanangu,” aliniambia kabla ya kuzima koroboi. “Wingu lilikuja, likaona moshi wangu, likageuka.”

Mimi ni fundi cherehani. Mambo ya mawingu nitayajulia wapi? Nililala na hasira zangu, nikimsikia akigeuka geuka kitandani.

Sijui usingizi ulinichukua saa ngapi. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa darasani, kwenye dawati langu la zamani, lakini darasa lenyewe halikuwa na paa wala kuta. Madawati yalikuwa yamepangwa ndani ya shimo la udongo, lile ambalo Shangazi na wafinyanzi wenzake wamelichimba miaka nenda miaka rudi, kwenye mteremko wa nyuma wa kilima. Mbele yetu, palipostahili kuwa na ubao, palikuwa na ukuta wa shimo na matabaka yake: jekundu, jeusi, halafu lile jeupe lenye vikonokono vidogo ambavyo sisi watoto tulikuwa tukiviokota na kutunga shanga.

Na mbele ya ukuta amesimama Mwalimu Mlewa.

Mwalimu alifariki zamani. Alitufundisha jiografia, na shule yetu haikuwa na tufe la dunia, kwa hiyo alikuwa akija na boga kutoka shambani kwake. Siku ya somo la mvua alikuwa akivua mkanda wa suruali, anaufunga kwenye boga, anauvuta juu na chini. Hapa, anasema, ndipo pepo za kaskazini na za kusini zinapokutana. Hewa hupanda, mvua hunyesha. Jua likihama, mkanda nao unalifuata. Mkono mmoja kwenye boga, mwingine umeshikilia suruali isidondoke. Tulikuwa tukicheka mpaka machozi yanatutoka. Nilipomwona pale shimoni, na sweta lake lile lile lenye vumbi la chaki, nilitaka kulia kwa furaha.

“Binti,” ananiambia, “shika boga.”

Nalishika. Ni zito, lina joto la kiumbe hai. Anavua mkanda, analifunga, anauvuta taratibu, na pale mkanda unapopita nasikia mvua ikinyesha.

Madawati hayapo tena. Nimesimama ndani ya maji mpaka magotini. Mbuga yote ya chumvi iliyo chini ya kilima, ile inayotuumiza macho wakati wa jua, imekuwa ziwa, na ziwa limepanda hadi kwenye mabega ya kilima. Samaki wananigusa miguu. Nageuka kutafuta kijiji. Natafuta bati la nyumba yetu, natafuta moshi wa Shangazi. Hakuna kijiji. Ni nyasi tu na viboko.

“Mwalimu, tuko wapi?”

“Nyumbani kwenu,” anasema. “Zamani sana.”

Anauvuta mkanda tena. Pepo zinabadilika, nazisikia usoni, kavu, zikishuka kutoka juu badala ya kupanda. Mawingu yanajaribu kujijenga, yanashindwa. Ziwa linarudi nyuma, linaacha ukoko mweupe na vikonokono vilivyokufa. Mkanda unarudi, maji yanajaa. Unaondoka, maji yanakauka. Mara nyingi hivyo, na kila mara tope jipya linatua juu ya miguu yangu, laini kama uji.

Ndipo ananitazama kwa lile jicho lake la mtihani.

“Nani kachoma chungu?”

“Hakuna mtu, mwalimu.”

“Nani?”

Natazama tope miguuni mwangu, na hapo naelewa. “Hakuna chungu, mwalimu. Hata udongo wake ndio kwanza unatua.”

Anatabasamu. Anainama, anachota tope kwa vidole viwili, ananipaka kiganjani.

“Huo ndio anaofinyangia shangazi yako. Mvua ilikuja na kuhama kabla ya chungu cha kwanza. Mwambie haikukimbia moshi.”

“Itarudi lini?”

Anatikisa kichwa. “Hilo sijui.” Halafu ananyoosha mkono. “Haya, nipe mkanda wangu, suruali inadondoka.”

Nikaamka nikicheka, uso umelowa machozi.

Kulikuwa kunapambazuka. Shangazi alikuwa amekaa mlangoni, furushi lake limefungwa, vyungu vimepangwa uani tayari kuvunjwa. Nikapiga magoti mbele yake.

“Shikamoo, Shangazi. Usivunje kitu. Haikukimbia moshi wako.”

“Marahaba. Nani kakwambia?”

“Mwalimu Mlewa.”

“Yule wa suruali?”

Akacheka, mkono mdomoni, mabega yakimtikisika. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu wingu lile.

Wazee walipofika niliwaomba kitu kimoja tu: kabla ya chungu cha kwanza kuvunjwa, twende shimoni. Walinung'unika, lakini wakaja. Nikapiga jembe kwenye tabaka jeupe, nikawamwagia vikonokono viganjani, nikawaeleza yote: ziwa lililokuwapo na kukauka, likajaa, likakauka tena, kabla hata mfinyanzi wa kwanza hajazaliwa.

“Sisi sote tumevaa shanga hizi,” nikawaambia. “Konokono wa majini wamefikaje kilimani? Na maji yao yalifukuzwa na moshi wa nani?”

Mzee Chilewa alikigeuza kikonokono kimoja kwa kidole gumba, akakitazama, akaitazama mbuga iliyokauka chini yetu. Mwisho akakitia mfukoni, akamgeukia Shangazi.

“Bi Mariamu,” alisema, “nina mtungi nyumbani umepasuka. Utanifinyangia mwingine?”

Shangazi aliinama, akachota udongo wa tabaka jeusi, akaukanda kidogo kiganjani kama anavyofanya kila anapoanza kazi.

“Nitakufinyangia,” akasema.

Mwalimu wangu, popote ulipo, asante. Asante kwa boga, na kwa aibu ya suruali uliyoivumilia kwa ajili yetu. Mvua haikunyesha siku ile, wala siku zilizofuata. Lakini shangazi yangu alilala kwake.