Dawa ya Picha ya Mzee Mwita

Mwanangu Robi, wiki ijayo unaanza kazi ya kuandaa dawa za mionzi, kazi niliyoifanya hadi nikastaafu, na furaha yangu imeizidi yako. Asubuhi yangu ya kwanza kuachiwa maabara peke yangu naikumbuka hadi leo, na moyo hunidunda.

Mgonjwa wetu alikuwa mzee Mwita wa Kerende. Alikuwa na saratani ya tezi dume, mgongo ukaanza kumuuma, na daktari alitaka kujua kama imefika kwenye mifupa. Chombo kinachotupatia mionzi wenzangu walikiita ng'ombe, na kazi yenyewe kukamua. Msichana wa Susuni mimi, niliyekua nikikamua ng'ombe wa kweli, nilicheka sana. Nikakamua, nikachanganya na dawa inayoipeleka mionzi kwenye mifupa, kisha nikadondosha tone chini ya kikaratasi cha kupimia na kukisimamisha kwenye kimiminika kinachopanda taratibu. Mionzi iliyoshikana na dawa hubaki chini. Isiyoshikana hupanda juu. Iliyopanda ilikuwa nyingi mno. Nikarudia kipimo. Vilevile.

Daktari akaja mlangoni, akasema mzee amechoka na safari na dawa ile isingemdhuru. Ni kweli, isingemdhuru. Lakini picha ingetoka na ukungu, na tungemwambia nini kuhusu mifupa yake?

"Daktari, hii siitoi," nilisema.

Akashusha pumzi, akaniambia basi nikamweleze mzee mwenyewe.

Nikampa shikamoo, nikamweleza yote kwa Kikurya. Akauliza kwetu wapi, nikasema Susuni.

"Basi nenda ukaandae nyingine, binti yangu. Nimefuata jibu huku, sikufuata sindano."

Nusura nikimbie! Nikafungua kichupa kipya cha dawa, nikachanganya, nikapima. Safi kabisa. Nikapiga kigelegele peke yangu mle maabara. Akachomwa sindano, tukasubiri dawa ienee, na picha ikatoka hadi mbavu zinahesabika. Saratani haikuwa imefika kwenye mifupa. Mzee alinishika mikono yote miwili.

Kwa hiyo, mwanangu, pima kila unachoandaa, hata kama cha jana kilitoka safi. Ukikataa kukitoa, usijifiche. Mwendee mgonjwa umweleze kwa lugha yake. Na kipimo kikikubali, furahi bila aibu, maana kuna mtu anakwenda kupata jibu la kweli. Mungu akupe mkono mtulivu na macho makali, na kila utakayemwandalia dawa arudi kwake akijua hali yake.