Vidole vya Kumsuka Holo

Nakumbuka asubuhi ya Jumatatu moja, mwanangu, niliposhindwa kufunga vifungo vya blauzi yangu. Vidole kumi nilikuwa navyo, nilivihesabu mara mbili, lakini hakuna hata kimoja kilichokubali kazi.

Enzi hizo nilikuwa binti, naponda mawe ya dhahabu kwa nyundo huku Bulyanhulu. Kutwa nzima mkono umekunjwa kwenye mpini. Ukiamka bado umekunjwa, utadhani nyundo imelala nawe. Na Jumamosi ile mdogo wangu Holo alikuwa anaolewa. Alikwishaapa kwamba kichwa chake hakiguswi na mtu ila mimi, niliyemsuka tangu nywele zake zikiwa za kuhesabika.

Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kwa jirani yetu Bibi Kabula, mfinyanzi wa vyungu. Alikuwa mzee sana, lakini vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vyangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona umebeba mikono kama ya kuazima?"

Nikamweleza. Akaniwekea maji ya uvuguvugu kwenye beseni, nikaloweka mikono mpaka ikalegea. Kisha akanionyesha: fungua vidole polepole, vikunje kana kwamba umeshika kifaranga, halafu kidole gumba kiende kuwasalimia wenzake, mmoja mmoja. Mara tano asubuhi, mara tano jioni. Ikiuma, acha.

Sasa mimi nimekulia sokoni Kahama. Sijawahi kununua mchele bila kudai nyongeza, na muuzaji akitupia konzi moja, nasubiri ya pili. Ile tano nikaiona ni bei ya kuanzia tu. Nikafanya thelathini, tena kwa nguvu, nikivuta vidole nyuma mpaka vikalia. Jioni nikafanya arobaini.

Jumanne vilikuwa vimevimba kama mihogo. Holo akaviona, akakaa chini.

"Dada, nakuomba. Usije ukanisuka twende kilioni siku ya harusi yangu!"

Hiyo ni mistari ya harakaharaka ya kwenda nyuma, ya mtu anayewahi msibani.

Nikarudi kwa Bibi Kabula.

"Ulifanya ngapi?"

"Tano, bibi."

"Ngapi?"

"Thelathini. Na jioni arobaini."

Akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akakunja uso. "Ulikuwa unambana nani? Hapa hakuna muuzaji. Uliyemlalia ni wewe mwenyewe. Pumzika leo na kesho. Keshokutwa tano, na nitahesabu mimi."

Alihesabu kweli, bibi yule, Alhamisi na Ijumaa, asubuhi na jioni. Nilipofika ya tano alinishika mkono.

Jumamosi vidole havikuwa vipya, lakini vilishika nywele. Holo alitaka mistari ishirini myembamba. Mimi nikasema sita. Tukavutana, tukaafikiana kumi. Kila nikimaliza mstari nilisimama, nikafungua vidole, nikavikunja, nikaendelea. Nje mashangazi walikuwa wakipiga kelele, "Bibi harusi bado? Bwana harusi atazeeka!" Nikawaacha wapige. Mstari wa kumi ulipoisha niliihesabu yote mara mbili. Holo akaihesabu tena kwenye kioo, asidai hata mmoja wa nyongeza. Kwa tabia ya Holo, hiyo ndiyo asante.

Mwanangu, wewe unayebonyeza simu kutwa, au unayekaza usukani wa pikipiki kutoka Nyahanga mpaka machimboni, mikono ikikakamaa usipigane nayo. Ipashe kwa maji ya uvuguvugu, ifungue na kuikunja polepole, mara chache lakini kila siku. Ipumzishe katikati ya kazi, usingoje mpaka ikatae. Na uvimbe usipopungua, au vidole vikifa ganzi, nenda zahanati. Usikae nyumbani kubishana. Usione aibu kuanza na kidogo na kuishia hapohapo.

Mungu aibariki mikono yako. Ikufanyie kazi bila kinyongo, na ukifika umri wangu bado iweze kumsuka umpendaye.