Mstari Niliouruka

Nina kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi mjini Arua, nyuma ya soko. Watu huniletea barua za kuomba kazi, ratiba za mazishi, mikataba ya viwanja, na mimi huwasahihishia hata kama hawakuniomba. Ndivyo nilivyo. Mtu akiandika upuuzi siwezi kuuchapa hivi hivi nikala chakula changu kwa raha. Wateja huniita Mwalimu, wengine kwa heshima, wengine kwa kunikejeli, na kusema kweli yote mawili niliyapenda.

Kwa miaka miwili, juu ya kazi hiyo, nilikuwa pia msomaji wa hali ya bahari. Cheka ukitaka. Mimi sijawahi kuiona bahari, na sasa sitaki kuiona. Maji makubwa kuliko yote niliyowahi kuvuka ni Nile pale Pakwach, tena juu ya daraja, nikiwa nimefumba macho nusu.

Mambo yalianza na mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Alitoka Koboko akiwa tanboi, msaidizi wa dereva wa lori, akafika na mizigo hadi Mombasa, lori likafa injini huko, na katika kungoja spea akapata kazi kwenye meli ndogo ya kupeleka saruji na unga visiwani. Mtoto wa Ludara, kijiji chetu huko Koboko, ambaye utotoni hakuoga mtoni mpaka ashikwe mkono, leo ni baharia! Tulicheka nyumbani kote. Yeye hakucheka. Alikuwa anaogopa, na huko hakuwa na wa kumwambia, maana nani atampa kazi baharia mwoga? Basi akanipigia simu mimi, kwa kile Kiswahili cha kambini alichotuachia marehemu baba, aliyekuwa askari.

"Dada, wewe iko na kompyuta. Angalia hii maji. Kama iko mubaya, mimi nasema niko na malaria, nabaki. Kama wewe nasema kwenda, mimi nakwenda."

Nikatafuta, nikapata ukurasa mmoja unaoonyesha bahari zote za joto, kuanzia pwani ya Mombasa hadi visiwa ambavyo hata majina yake siwezi kuyatamka. Upepo ulichorwa kwa rangi: buluu shwari, manjano jihadhari, nyekundu balaa. Ukibonyeza mahali, linafunguka jedwali la siku saba. Mstari wa kwanza upepo. Wa pili mawimbi yanayoletwa na upepo huo. Wa tatu ulikuwa na mita, sekunde na mshale, na sikuuelewa.

Ile miwili ya juu niliielewa mara moja. Mtu wa Koboko anaujua upepo. Ndio unaotangulia mvua, ndio unaong'oa mabati, na usipovuma unaweza kuanika muhogo wako juu ya mwamba ukaenda sokoni bila wasiwasi. Wa tatu niliuangalia siku ya kwanza, nikaona haulingani na ule wa juu yake: upepo mdogo, lakini huku mita zimepanda. Nikasema labda hesabu hizi ni za wahandisi wa meli kubwa. Ningeweza kumuuliza mtu. Lakini ukishazoea kuitwa Mwalimu, kuuliza kunakuwa kazi ngumu.

Tuliendelea hivyo safari baada ya safari. Ananipigia akiwa bandarini, mimi nasukuma kando karatasi za mteja, nasoma mistari yangu miwili, natoa hukumu. Nenda. Baki. Safari moja nilimwambia abaki, akajilaza na malaria yake ya uongo, na meli ikarudi na unga uliolowa na mtu mmoja aliyevunjika mkono. Siku hiyo alinishukuru mpaka sauti ikamkauka. Mimi nikavimba kichwa.

Mama ndiye aliyenitangaza. Kule Ludara, kanisani na kwenye soko la Jumatano, alisimulia kwamba binti yake hukaa Arua lakini anaiona bahari. Nikienda kumsalimu, wanawake walikuja kuniuliza kama waanike ufuta kesho au wangoje. Na mimi, bila haya, nilikuwa nawajibu.

Siku yenyewe ilikuwa ya foleni. Shule moja ilitaka mitihani yake kabla ya saa sita, umeme ulikuwa umekatika mara mbili, na mteja mmoja alikuwa amenisimamia kichwani akidai bahasha zake. Simu ikalia. Nikafungua jedwali kwa mkono mmoja.

"Upepo iko kidogo," nikamwambia. "Mawimbi iko kidogo. Iko buluu yote. Nenda."

Hakukata simu. Nilisikia watu wakipigiana kelele nyuma yake na injini ikinguruma.

"Dada, hawa watu ya kupakia mizigo nasema maji itakuja kubwa. Nasema iko kitu mubaya huko chini, upande ya Madagaska. Angalia tena. Mpaka chini."

Sikuangalia mpaka chini. Nalisema hapa kama lilivyo. Jedwali lilikuwa wazi mbele yangu na mstari wa tatu ulikuwa pale pale, lakini mimi nilikuwa namwangalia yule mtu wa bahasha. Nikakasirika kwamba mbeba magunia anabishana na kompyuta yangu.

"Wewe naamini nani?" nikamuuliza. "Naamini watu ya magunia, ao naamini mimi?"

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekemewa. "Naamini wewe, Dada." Nikarudi kwenye mitihani.

Kesho yake jioni alinipigia mpishi wa meli, mtu wa pwani ambaye sikuwa nimewahi kumsikia. Alikuwa amepata namba yangu kwa wenzake, maana mdogo wangu alikuwa amewagawia akisema ni ya dada yake anayejua hali ya hewa. Alizungumza kwa adabu nyingi, na kwa sababu ya adabu hiyo nilielewa kabla hajamaliza salamu.

"Dada yangu, hapakuwa na upepo hata wa kuzima kibiriti. Jua linawaka, anga safi. Tulipofika mlango wa mwamba, pale maji yanapopungua kina, bahari ikajiinua. Polepole, ndefu, haina hata povu. Ikasimama kama ukuta. Meli ilikuwa nzito, ikalala ubavu. Tumeokolewa watatu. Mdogo wako tulimtafuta mpaka giza, na leo tumerudi tena. Hatukumwona."

Hawakumwona kesho yake wala wiki iliyofuata. Mpaka leo hakuna aliyemwona.

Nilikaa na jedwali la siku ile kwa muda, kwani nilikuwa nimelitoa kwenye printa. Sijui kwa nini nililitoa. Siku moja aliingia mteja, askari mstaafu aliyewahi kupelekwa Mogadishu, akaishi ufukweni zaidi ya mwaka. Alitaka fotokopi ya kitambulisho. Nikamwekea ile karatasi mbele na kumuuliza, kwa mara ya kwanza, mstari wa tatu maana yake nini.

"Hii?" akasema. "Hii ndiyo maji yenyewe, Mwalimu. Juu hapa ni upepo ya hapo. Hii ya chini natoka mbali. Upepo napiga maji huko mbali siku nne, siku tano, halafu upepo nakufa, lakini maji natembea. Nafika kwako na jua. Hii sekunde, ya wimbi mpaka wimbi, ikiwa mingi, ogopa. Watu ya boti kule nasoma hii kwanza."

Mita zilikuwa zaidi ya tatu. Sekunde kumi na sita. Mshale ulikuwa umetoka kusini mashariki, upande wa Madagaska, kama watu wa magunia walivyosema. Mambo yote yaliandikwa, na yalikuwa yameandikwa hapo kabla hajapanda.

Kinachonimaliza si kwamba jambo lenyewe ni gumu. Mto wa kwetu Ludara hufanya vivyo hivyo. Mvua inanyesha milimani upande wa Kongo, kwetu hakuna hata wingu, na mchana wa jua kali mto unajaa ghafla. Kila mtoto wa Ludara anaonywa hivyo kabla hajajua kuhesabu. Mdogo wangu nilimwonya mimi mwenyewe, kwa kumkunja sikio. Kwa hiyo nilikuwa najua, na bado sikujua. Nimelifikiria hili mpaka nimechoka, na sijapata mahali pa kulitua.

Matanga yalifanyika Ludara bila mwili. Katekista hakujua asome sala ipi, akasoma zote. Watu walikaa kwenye mikeka, wakaangalia sehemu ya ua ambapo kaburi lingechimbwa, halafu wakaangalia chini. Mimi nilijipa kazi ya chai ili nisikae. Nilikuwa nimedhamiria kumwambia mama kabla watu hawajaondoka. Nilikuwa nimeyapanga maneno, hata nimeyasahihisha.

Shangazi mmoja ndiye aliyeuliza, kwa huruma tu, bila nia mbaya: imekuwaje, na dada yake anaijua bahari?

Mama alijibu kabla yangu. Aliongea kwa sauti, wote wasikie.

"Huyu mutoto alikuwa kichwa ngumu," alisema. "Alikwenda bila kuuliza. Kama yeye naliuliza dada yake, leo yeye iko hapa. Dada yake hapana weza kuacha yeye kwenda kwa maji mubaya."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Birika lilikuwa mkononi mwangu, na mama alikuwa ananitazama kwa upendo ambao siwezi kuuelezea, kana kwamba amenitua mzigo mbele ya watu. Nikafungua mdomo. Nikauliza nani bado hajapata chai.

Tangu siku hiyo ndiyo habari inayojulikana. Wazazi wa Ludara wakiwaonya watoto wanaotaka kwenda mbali humtaja yeye: usiwe kama yule aliyemdharau dada yake. Nimewasikia kwa masikio yangu nikipita. Hakuwahi hata mara moja kupanda meli ile bila kuniuliza, na mimi peke yangu ndiye ninayejua, na nimenyamaza. Kila nikichelewa kusema, inakuwa vigumu zaidi. Mama hasomi, kwa hiyo hata haya ninayoyaandika ni woga tu wa aina nyingine.

Mwezi uliopita nilimpelekea sukari na sabuni. Alinikalisha karibu naye, akanishika mkono, akasema kuna jambo anataka kuniomba kabla hajafa.

"Mwanangu, mimi naona wewe hapana taja jina yake. Najua yeye alikukosea. Lakini iko mutoto tu. Samehe yeye."

Nikamwambia nimemsamehe.