Msichana Aliyejipandishia Nywele

Baraza la Wazee wa kanisa la Glenorin, likiwa katika kikao halali kilichofunguliwa kwa sala, liliamua kwamba nywele za msichana hupandishwa kichwani na mkono wa mama yake, na kwamba kitabu chochote kinachofundisha vinginevyo hakifai kukaa katika kabati la shule ya Jumapili. Uamuzi huo ulisomwa mimbarini kiangazi cha mwaka 1909. Ulisikilizwa kwa heshima kubwa na watu ambao karibu wote walikuwa wamekwisha kukisoma kitabu chenyewe.

Mwandishi alikuwa Effie Murchison, mwalimu wetu, binti wa fundi mapipa. Alizaliwa hapa hapa, katika bonde letu la Nova Scotia, Kanada, akafiwa na mama angali mdogo, akaenda mjini kusomea ualimu, akarudi kukaa na shangazi yake Kirsty. Hadithi zake aliziandikia darasani watoto wakishaondoka, kwa kuwa jiko la shule lilikuwa bado na moto na kuni zilikuwa za serikali. Shangazi alidhani anasahihisha hesabu. Alikuja kujua ukweli kitabu kilipochapwa huko Boston, na jambo lililomuudhi ni kwamba ameambiwa na mwuza sindano.

Kwetu msichana huachia misuko mgongoni hadi siku mama yake atakapomketisha dirishani na kumpandisha nywele kwa pini. Kuanzia hapo ni mtu mzima. Dalili yake ni kwamba majirani huanza kumuuliza kama mvua itanyesha, kana kwamba hadi jana hakuwa na macho. Jessie, msichana wa kitabuni, hana mama. Anangoja, na baba yake haoni. Katika sura ya mwisho anajipandishia nywele mwenyewe mbele ya kioo, anabeba sanduku lake na kwenda chuoni.

Wazee walikuwa watu wa haki, hawakutaka kulaani kitabu bila kukisoma. Nakala moja iliyokuwa kabatini ikapita nyumba kwa nyumba, na kila mzee alikuwa na mabinti, wapwa na mke. Kitabu kiliporudi kikaoni hakikuwa na jalada.

Lililobaki lilikuwa hatima ya mwalimu. Kila kiangazi, Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya Meza ya Bwana, mzee wa kanisa humpa kila mtu mzima kibati cha madini ya risasi, idhini ya kushiriki mkate na divai. Asiye na kibati hukaa benchini kesho yake wenzake wakiinuka, na bonde zima humtazama. Tena waliogawa vibati ndio walioajiri mwalimu. Effie akikosa kibati, darasa lisingekuwa lake tena, na hakuwa na kazi nyingine wala kijiji kingine alichokitaka. Sharti lilikuwa dogo: kitabu kilikaribia kuchapwa tena, basi aandike kwamba Jessie aliteremsha nywele akaenda kumwomba baba ruhusa.

Kupeleka sharti hilo akatumwa mzee wa kanisa aliyekuwa na zamu ya kugawa vibati, Alec Gillis. Tulimwita Alec wa Kinu, maana akina Alec Gillis wengine walikuwa wengi na wote hawakuwa na kinu. Alikuwa mjane, na binti yake Morag, mrefu kumshinda baba, alikuwa bado na misuko mgongoni.

"Karibu, Mzee Alec," alisema Shangazi Kirsty. "Umekuja kunywa chai au kuchoma kitabu? Jiko liko tayari kwa yote mawili."

"Chai tu, Kirsty. Kitabu amekichukua tena dada yangu, hajamaliza."

Akaeleza sharti. Effie akasema amejaribu. Alimteremsha Jessie nywele, akamfikisha mlangoni kwa baba, na hapo kalamu ikagoma, kwa sababu hakujua baba atasema nini.

"Wewe ungesema nini, Mzee?"

Alec alikoroga chai yake, ambayo haikuwa na sukari.

"Mwalimu, umeiandika nyumba yangu. Watu wote wanasema."

"Ni nyumba yetu, Mzee. Baba hakuwa mtu mbaya, hakuona tu. Nilijibana kwa vipande vya waya wa karakanani kwake."

"Na alipoona?"

"Alimaliza viazi vyake kwanza. Kisha akaniuliza kama mvua itanyesha."

Alec akatazama nje, ingawa hakukuwa na wingu.

"Kwa hiyo hubadilishi."

"Nikibadilisha nitakuwa nimemsingizia baba."

Alec akasema basi kila mtu atafanya linalompasa, akachukua kofia. Mlangoni akamgeukia Kirsty na kuuliza kwa sauti ya chini zile pini huuzwa wapi.

"Dukani, karibu na vifungo," alisema Kirsty. "Na usione aibu ukawaambia ni za farasi."

Jumamosi Effie alisimama mwisho wa mstari, ili akirudishwa asiwepo wa kumpisha. Mchungaji alisoma uamuzi tena. Alec alitia mkono mfukoni, akatoa kibati, akamwekea kiganjani. Mchungaji akakohoa.

"Tulikikataa kitabu," alisema Alec. "Mwandishi hatukumjadili."

Ilikuwa kweli, na mchungaji aliheshimu taratibu kuliko alivyochukia vitabu.

Effie alifundisha hadi uzeeni, akaandika vitabu vingine kwa kuni zile zile za serikali. Hakuolewa, jambo lililowasikitisha sana wanaume ambao hawakuwahi kumposa. Jessie hakuteremsha nywele zake katika chapa yoyote.

Uamuzi wa Baraza haujafutwa mpaka leo. Jumapili ile Morag Gillis aliketi benchi la mbele, nywele juu, shingo imekaza kama mtu aliyebeba mtungi. Baada ya ibada mwalimu alimuuliza kama mvua itanyesha, naye akafikiri kwanza, akasema hadhani. Kwa mbele nywele zilishikwa na pini mpya. Kwa nyuma, pini ziliposhindwa, zilikuwa zimefungwa kwa fundo wanalofungia magunia ya unga kule kinuni.