Kikombe cha Fedha cha Ami

Juzi, hapa mtaani kwetu Al Hail, mjukuu wangu alinionyesha kikombe cha fedha cha Kirusi alichokinunua mnadani, nikaisikia tena harufu ya iliki. Ami yangu alikuwa na vikombe kama hicho kabati zima.

Mama, mjane, alikwenda nami, nikiwa mtoto, kumwomba chumba tukae. Wageni wengine walitiliwa chai ya iliki katika vikombe vya kaure. Mama akapewa cha fedha. Nilidhani anatukuzwa.

“Kunywa, shemegi,” alisema Ami, wenzake wakicheka. “Au waogopa moto?”

Mama alikirudisha mezani bila kukionja.

“Basi ikiwa kikombe changu haramu, na chumba changu haramu,” alisema Ami.

Alhamdulillahi, baadaye katika chuo cha Kurani nilifunzwa kwamba Muislamu hanywi katika chombo cha fedha, na anywaye hujitilia moto wa Jahannamu tumboni. Ami alilijua hilo. Lakini mimi siku ile njiani nilimlaumu mama kwa kuikataa heshima, naye akanishika mkono tukaenda.