Mechi Ine za Kumupima Ketsia

Goli ilikuwa wazi. Gardien, mulinda goli wa timu ya Kazimia, alishaanguka, mupira uko kwa muguu wa Ketsia, hatua tatu tu.

Akasimama. Akaniangalia. Kisha akausukuma nje polepole, kama muntu anafagia mulango wa nyumba.

Halafu akanitabasamia. Nilisikia damu inapanda.

Mi ni Dorothée, hapa Baraka bananiita Maman coach. Nafundisha basichana ba chini ya miaka kumi na tano. Kila mwaka, mbele saison ya mashindano ianze, tunacheza mechi ine za kirafiki, na kila mutoto namuandikia alama juu ya kumi. Siangalii nani amefunga. Naangalia nani amepanda toka mechi ya kwanza mpaka ya ine. Mwenye hapandi, haingii kwa liste ya timu.

Sheria hiyo niliiweka mwenyewe, na nilijivuna nayo kabisa.

Ketsia alikuwa namba tisa wangu, mutoto wa mama muuza samaki ndagala. Mechi ya kwanza, kule Fizi, nilimupa tisa. Ya pili, sita. Ya tatu, ine.

Musaidizi wangu alikuwa Wilfried, parrain, baba wa ubatizo wa mutoto wangu wa kwanza. Miaka munane tuko pamoja. Aliangalia alama akatikisa kichwa.

"Maman coach, huyu amevimba kichwa."

"Ao iko mugonjwa?"

"Mugonjwa wa nini? Anakula, anaruka. Anakuzarau tu."

Nikamwita Ketsia mbele ya benzake bote, nikamugombeza mpaka sauti ikakauka. Munajua alifanya nini? Alitabasamu. Nikasema moyoni, sawa, mi na we tutaonana.

Ya ine ndiyo hiyo ya goli wazi. Nikamuandikia mbili.

Siku ya kufunga liste nilisoma majina kumi na nane, jina yake haikuwamo. Alingoja bengine baende, akanikaribia na viatu mukononi, akafungua kinywa. Nikamugeuzia mugongo, nikaenda zangu.

Na kwetu, mutoto mwenye haiko kwa liste iko huru. Timu yoyote inaweza kumuandikisha.

Wiki ileile Wilfried akaniaga. Eti mugongo unamuuma, anaenda kulima kwa ndugu zake Kilembwe. Nilimupikia bugali na kuku, na nikalia kabisa.

Mechi ya kwanza ya saison tulienda Kazimia. Nashuka kwa boti, nani huyu? Wilfried. Filimbi shingoni, coach wao mukubwa, mugongo haumuumi hata kidogo. Nyuma yake, na jezi namba tisa, Ketsia.

Alitupiga goli tatu. Hata moja hakushangilia.

Mechi ikaisha nikamufuata. Maneno mabaya yalikuwa tayari kwa ulimi.

"Kumbe ulikuwa unacheza vibaya makusudi. Mulipanga na Wilfried muniache."

Akaniangalia sana.

"Si we njo ulinituma?"

"Mi?"

"Papa Wilfried alisema Maman coach anataka nijifiche. Eti timu zingine banatuma bantu kuangalia mechi zetu za kirafiki, nisionyeshe mupira wangu mpaka saison. Alisema nisikuulize, juu ya masikio ya bantu. Na ukinigombeza mbele ya bantu, unaigiza, nicheke tu."

Nikakaa chini kwenye majani. Mutoto aliamini, na angekosaje kuamini? Kwetu kila coach anafichaka muchezaji wake wa nguvu kwa mechi za kirafiki. Hata mi nilishafanya hivyo.

"Nilikutii, Maman coach," akasema. "Na we ukanifukuza. Papa Wilfried akaniambia: umeona, amekutumia, sasa amekutupa."

Nikaenda mpaka kwa Wilfried, bantu banamupongeza. Nikamuuliza juu ya nini alifanya hivyo.

Hata macho hakuinamisha.

"Dorothée, miaka munane nimebeba mipira yako. Hapa balisema: lete yule mutoto, timu ni yako. Na liste, ni we uliifunga. Mi sikuishika hata kalamu."

Ketsia alikuwa nyuma yangu, amesikia yote. Machozi yanamutoka.

Nikamushika mukono. "Rudi kwetu, mutoto wangu."

"Nimeshasaini mwaka muzima."

"Na mwaka ujao?"

Akatoa mukono wake polepole.

"Huyu alinidanganya, Maman coach. Lakini we hukuniuliza. Hata mara moja."

Ndugu zangu munaosoma hapa, Wilfried sijamusamehe, na musinipe mahubiri. Kikulacho kiko nguoni mwako, nimeonja.

Lakini mwenye kufundisha batoto anisikie. Mutoto akishuka gafla, mbele ya kumuandikia alama, mukalishe pembeni, we na yeye tu, muulize: mutoto wangu, nini iko? Ingenichukua dakika mbili, na leo Ketsia angekuwa hapa Baraka.